Kipuri Kisichotengenezwa Tena: Mwongozo wa Kuielewa Bei Yake na Kukinunua

Bei ya kompyuta nzima na bei ya kipuri cha kompyuta hiyohiyo hazifuati njia moja. Kompyuta nzima hushuka thamani mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mnunuzi wake ana hiari ya kuiacha na kuchukua nyingine iliyo bora. Lakini kipuri hununuliwa na mtu ambaye mashine tayari anayo, ameshaiwekea programu na kazi zake, na hawezi kuchukua kingine chochote isipokuwa kile kinachoingia katika tundu la mashine hiyo. Kwa hiyo kinachopimwa katika bei ya kipuri si umri wake, wala si uwezo wake ukilinganishwa na vifaa vya leo, bali ni gharama ambayo mwenye mashine ataiepuka akikipata. Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kununua maunzi yaliyokoma kutengenezwa, yaani vile vipande vya kompyuta vinavyoshikika kwa mkono, tofauti na programu. Nao unakusudia kumwonyesha bei hiyo inatoka wapi, ni wapi anaweza kuikwepa na ni wapi hana budi kuilipa.

Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, linatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba shirika hilo lilikuwa likitafuta katika masoko ya mtandaoni, likiwamo lile la eBay, chipu za Intel 8086, ambazo zilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1978, na kwamba lilifikia hatua ya kununua vifaa vya hospitali vilivyopitwa na wakati ili zichomolewe chipu zilizokuwa ndani yake. Chipu hizo zilihitajika katika mitambo ya kupimia roketi za kusukumia chombo cha angani, na mitambo hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa, kuthibitishwa na kuaminiwa na watu waliobeba dhamana ya maisha ya wanaanga. Kuweka chipu mpya yenye nguvu maelfu ya mara kungelazimisha mtambo mzima ubuniwe na kuthibitishwa upya, na gharama ya kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mizani ya kupimia bei ya chipu kuukuu. Mwenye karakana ndogo anayetafuta kipuri cha mashine yake yumo katika hali ileile, ijapokuwa kwa kiwango kidogo, na inafaa aitambue hali hiyo kabla hajaingia dukani.

Kukoma kwa kifaa hakutokei ghafla. Kampuni za chipu hutoa tangazo lenye tarehe mbili, ya kwanza ikiwa siku ya mwisho ya kupokea maagizo na ya pili siku ya mwisho ya kusafirisha mzigo, na kabla ya tarehe hizo kupita wateja wakubwa hujinunulia akiba ya kuwatosha kwa miaka. Intel, kwa mfano, ilitangaza Januari 2019 kwamba prosesa zake za mwisho za jamii ya Itanium, zilizotumika katika seva kubwa, yaani kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine, zingepokelewa maagizo hadi 30 Januari 2020 na kusafirishwa hadi 29 Julai 2021. Tarehe ya pili ikishapita, kiwanda hakina tena neno katika bei. Vilivyobaki duniani ni idadi isiyoongezeka, iliyogawanyika kati ya maghala, maduka ya madalali na mashine ambazo bado zinafanya kazi, na kila kinachoungua kinaipunguza. Zipo kampuni zinazoishi kwa biashara hii: Rochester Electronics ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1981, huchukua akiba za mwisho za chipu kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na nyingine huziunda upya kwa kibali chao. Kuhifadhi chipu mahali pakavu kwa muda wa miaka kumi au ishirini, huku fedha iliyozinunua ikiwa imelala bila kuzaa, ni gharama halali, na mnunuzi anayeiona bei ya muuzaji wa namna hiyo kuwa ni wizi hamtendei haki.

Wengi huuliza kwa nini kiwanda kisitengeneze kidogo tu kwa ajili ya wanaohitaji. Jibu liko katika namna chipu zinavyoundwa. Chipu haziundwi moja moja, bali huchapwa kwa mamia juu ya sahani nyembamba ya silikoni, kwa mitambo ambayo lazima ifanye kazi usiku na mchana ili irudishe fedha iliyowekezwa. Na sahani inayopita katika mtambo ikiwa na chipu ya zamani imechukua nafasi ya sahani ambayo ingebeba chipu mpya yenye faida kubwa zaidi. Kiwanda kinapobadili kizazi hakifungi dirisha moja na kulifungua jingine. Hubadili vifaa, kemikali, mafunzo ya wafanyakazi na mikataba ya wauzaji, na kurudi nyuma kwa ajili ya wateja elfu chache hakulipi hata kama wateja hao wako tayari kulipa mara tatu.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi na wauzaji wote huiita RAM, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndicho kipuri kinachonunuliwa kuliko vingine. RAM ya kompyuta imepita katika vizazi vinavyoitwa DDR, DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5. Cha tatu kilianza mwaka 2007, cha nne mwaka 2014 na cha tano kikawekewa kanuni mwaka 2020. Vizazi hivi havichanganyiki. Msomaji akishika mkononi kipande cha DDR3 na kipande cha DDR4, ataona kwamba ule mkato mdogo uliopo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu haupo mahali pamoja, na kwamba cha kwanza kina meno 240 ilhali cha pili kina 288. Aidha umeme wao ni tofauti, volti 1.5 kwa kimoja na 1.2 kwa kingine. Mkato huo mdogo ndio unaoumba soko zima la RAM ya zamani. Mwenye ubao mama, yaani ule unaoshikilia vipuri vyote vya kompyuta, wa DDR3 hawezi kuingiza kingine chochote, hata akipewa bure.

Bei ya kila kizazi hupita katika vipindi vitatu. Katika cha kwanza, kizazi kipya kinapoanza kuenea, cha zamani hushuka, kwa kuwa maghala bado yamejaa na viwanda bado vinazalisha. Katika cha pili viwanda huhamia kwenye kizazi kipya, wakati mamilioni ya mashine za zamani zingali kazini na wenyewe wanataka kuziongezea nguvu badala ya kuzibadilisha, na hapo bei hupanda. Katika cha tatu mashine zenyewe hufa au kutupwa, RAM iliyomo ndani yake humwagika sokoni, na bei huanguka tena. Kipindi cha pili kilishuhudiwa na dunia nzima mwaka 2025, pale wateja walipoarifiwa kwamba uzalishaji wa DDR4 ungepunguzwa na hatimaye kukomeshwa: katikati ya mwaka huo chipu za DDR4 zilifika mahali pa kuuzwa ghali kuliko za DDR5, ambazo ni mpya na zina kasi kubwa zaidi, na kabla ya mwaka kwisha mahitaji ya vituo vya data vya akili unde yakawa yamepandisha kumbukumbu za aina zote. Funzo la vitendo kwa mwenye mashine ni kwamba RAM ijazwe hadi kikomo cha ubao katika kipindi cha kwanza, wakati kizazi kipya kinatangazwa kila mahali na watu wanakidharau cha zamani. Aliyekosa nafasi hiyo, na ambaye mashine yake si ya kazi ya lazima, ni afadhali avumilie hadi kipindi cha tatu kuliko kununua kwa pupa katikati.

Kabla ya kununua RAM, lebo isomwe herufi kwa herufi, kwa kuwa tofauti ya herufi moja ndiyo tofauti ya kipande kinachofanya kazi na kile kisichowasha kompyuta. Katika kizazi cha DDR3, kipande kilichoandikwa PC3-10600U ni cha kompyuta ya mezani, PC3-10600S ni cha kompyuta mpakato, na PC3-10600R ni cha seva, ambacho kina chipu ya ziada katikati inayopokea mawimbi na kuyagawa, na ambacho ubao wa kawaida wa kompyuta ya mezani hautakikubali. Msomaji atakuta kwamba vipande vya seva vya ujazo uleule vinauzwa kwa bei ya chini kabisa, na kishawishi cha kuvinunua ni kikubwa; lakini bei hiyo ni ndogo kwa sababu vituo vya data huziondoa seva zao kwa maelfu kwa wakati mmoja, wakati wanaozihitaji RAM zake ni wachache. Kwa namna hiyohiyo, PC3L ina maana ya kipande kinachotumia volti 1.35, na kompyuta mpakato nyingi za kuanzia mwaka 2013 hukataa kipande kisicho na herufi hiyo L. Katika DDR2 kuna mtego mwingine, wa vipande vya GB 4 vinavyouzwa rahisi vikiwa na maelezo kwamba ni vya AMD tu: maelezo hayo ni ya kweli, na mwenye ubao wa Intel atakuwa amenunua pambo.

Prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu zote, ina kanuni yake. Kila aina ya soketi, ambalo ni tundu la kukalishia prosesa kwenye ubao, ina prosesa moja au mbili zilizo kileleni, na kila mwenye ubao wa soketi hiyo anayetaka kuongeza nguvu bila kubadili kitu kingine huishia kuzitamani hizohizo. Prosesa za chini za soketi hiyo hukaribia kuuzwa bure, kwa maana hakuna anayezitafuta, ilhali ile ya kileleni hubaki na bei kwa miaka mingi. Soketi ya LGA 1155 ni mfano mzuri: kilele chake ni jamii ya Core i7-3770 ya mwaka 2012, na bei ya prosesa hizo hung'ang'ania juu. Lakini mwaka huohuo Intel ilitoa kwa ajili ya seva ndogo prosesa ya Xeon E3-1230 v2, yenye viini vinne na nyuzi nane kama i7 hiyo, inayoingia katika soketi ileile, tofauti kubwa ikiwa kwamba haina sehemu ya picha na hivyo huhitaji kadi ya picha kando. Kwa kuwa jina lake halijulikani na wengi, mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Mwenye kuitaka ahakikishe kwanza kwamba ubao wake unaitambua, kwa kusoma orodha ya prosesa ambayo mtengenezaji wa ubao huichapisha, na kwamba programu ya awali ya ubao, ile inayoitwa BIOS, imesasishwa kabla prosesa ya zamani haijatolewa. Mnunuzi na ajifunze kutafuta ndugu wa kipuri, maana jina linalotajwa na watu wote ndilo lenye bei ya watu wote.

Njia nyingine, na pengine ndiyo yenye manufaa kuliko zote kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, ni kuutumia ule mwachano wa bei uliotajwa mwanzoni. Kompyuta zilizoondolewa maofisini Ulaya na Ghuba hufika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kwa makontena, na mashine nzima ya namna hiyo wakati mwingine huuzwa kwa bei inayokaribiana na jumla ya RAM na prosesa zilizomo ndani yake, au hata chini ya jumla hiyo. Kwa hiyo mwenye kuhitaji vipuri viwili au vitatu apige hesabu ya mashine nzima inayofanana na yake kabla ya kununua kimojakimoja, naye atabaki na kiugavi cha umeme, feni na ubao wa akiba. Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kufungua kifuniko na kuhesabu vipande vya RAM kwa macho, kwa sababu wauzaji wanaofahamu bei huvichomoa na kuviuza kando. Ya pili ni kwamba kampuni zinazounda kompyuta za maofisini mara nyingi hutumia viugavi vya umeme na mbao za maumbo yao wenyewe, kiasi kwamba plagi ya modeli moja huwa na pini ambazo hazilingani na za modeli nyingine ya kampuni ileile. Namba ya modeli ilingane kamili, pasipo kukisia.

Ziko mashine ambazo kompyuta ni kiungo kimoja tu ndani yake, na hizo ndizo zinazolipa bei kubwa kuliko zote. Mashine ya kudarizi nembo za shule na mashati ya kampuni, iliyoundwa katika miaka ya 1990, hupokea michoro kwa disketi, yaani kile kibao cha plastiki cha inchi 3.5 kinachobeba MB 1.44, ambacho Sony, iliyokuwa muuzaji wake mkubwa zaidi, iliacha kukiuza nchini Japani Machi 2011. Fremu, mota na sindano za mashine hiyo zinaweza kufanya kazi miaka mingi zaidi, wakati kisomaji cha disketi chenye thamani ndogo kimekwisha kuchoka. Mwenye karakana anayeanza kuwinda disketi mpya na visomaji vilivyotumika atakuwa akinunua vitu vinavyozeeka hata vikiwa ndani ya boksi. Kinachomfaa ni kifaa cha kuiga kisomaji, chenye umbo la kisomaji chenyewe na kebo ileile ya nyaya 34, ambacho badala ya disketi hupokea flashi; kifaa hicho hutengenezwa mpaka sasa, nacho ni cha gharama ndogo. Yampasa tu aulize kwanza kama mashine yake inatumia mpangilio wa kawaida wa disketi, kwa kuwa baadhi ya mashine za viwandani zilikuwa na mpangilio wa kipekee unaohitaji kifaa maalumu. Vivyo hivyo kwa diski kuu za zamani za mfumo wa IDE, wenye kebo pana ya bapa: adapta ndogo huwezesha kadi ya kumbukumbu kukaa mahali pake, na kompyuta isione tofauti. Hata jeshi la Marekani, ambalo lilikuwa bado likitumia disketi za inchi 8 katika mfumo wa mawasiliano ya silaha za nyuklia, liliziondoa mwaka 2019 kwa kuweka hifadhi ya kisasa mahali pake, huku mfumo wenyewe ukiendelea kufanya kazi.

Neno "mpya" linapotumiwa kwa kipuri kilichokoma kutengenezwa lichunguzwe. RAM na prosesa ambazo hazijawahi kutumika huweza kukaa miaka mingi bila madhara makubwa zikihifadhiwa vizuri. Betri za kompyuta mpakato sivyo: kemikali za betri ya lithiamu huchakaa hata isipotumika, na betri halisi iliyokaa ghalani miaka minane, pamoja na nembo yake na karatasi yake ya plastiki, inaweza kuwa dhaifu kuliko ya kampuni isiyojulikana iliyoundwa mwaka jana. Kapasita za mviringo zinazosimama kwenye ubao kama mapipa madogo nazo hukauka, na ubao ambao vichwa vya mapipa hayo vimevimba au vimetoa ute wa rangi ya kahawia haufai kununuliwa isipokuwa na fundi mwenye kifaa cha kuchomea na nia ya kuzibadilisha zote.

Palipo na bei kubwa na bidhaa isiyozalishwa tena, udanganyifu haukosekani. Uchunguzi wa kamati ya ulinzi ya Seneti ya Marekani, ambao taarifa yake ilitolewa Mei 2012, ulikuta visa takribani 1,800 vya vipuri vya kielektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika mfumo wa ununuzi wa kijeshi, vikihusu vipande zaidi ya milioni moja. Na njia iliyoelezwa ilikuwa rahisi, kwamba chipu hung'olewa kwenye mbao zilizotupwa, maandishi yake husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa rangi nyeusi na kuandikwa upya. Mnunuzi wa chipu mojamoja achukue pamba iliyochovywa katika asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, na kusugua uso wa chipu: pamba ikitoka na weusi, au michirizi ya msasa ikionekana chini yake, chipu hiyo irudishwe. Aangalie pia namba ya tarehe, ambayo kwa kawaida huwa na tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki, hivyo 1247 ni wiki ya 47 ya mwaka 2012. Chipu yenye tarehe iliyo nyuma ya siku ambayo uzalishaji wake ulianza, au mbele sana ya siku uliposimama, haiwezi kuwa ya kweli.

Kipuri kikishapatikana, kijaribiwe siku hiyohiyo, wakati muuzaji bado anakumbuka alichokiuza na muda wa kurudisha haujapita. RAM ipimwe kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, kwa maana kipande kibovu kinaweza kupita dakika kumi za kwanza bila kosa. Prosesa isomwe kwa programu ya CPU-Z ili jina linaloonekana kwenye kioo lilinganishwe na lile lililochongwa juu ya chuma. Diski kuu iangaliwe saa ilizofanya kazi na idadi ya maeneo yaliyoharibika, ingawa saa hizo huweza kufutwa na watu wasio waaminifu, na kwa hiyo alama za skrubu kwenye matundu yake ya pembeni ni shahidi bora zaidi. Namba kamili ya kipuri iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha mashine, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka mitano asilazimike kubahatisha. Kile kibovu kilichotolewa nacho kisitupwe: kisomaji kilichokufa kina fremu ya chuma yenye matundu ya skrubu yanayolingana na mashine ile tu, na kiugavi kilichoungua kina plagi ya pini zisizopatikana dukani, ambayo fundi anaweza kuikata na kuiunganisha na kiugavi kingine.